Makopo ya Bhargavi

Wageni wa posa walifika nusu saa kabla ya wakati, na anayeposwa alikuwa ndani ya karai kubwa uani, makumbi ya nazi yamemfika magotini, akiyakanyaga kama mtu anayelipa kisasi.

"Bhargavi!" Wifi yake, Omana, alimwita kutoka dirisha la jikoni. "Toka humo! Wamefika!"

"Waambie wasubiri. Chumvi haijatoka."

"Mchumba yuko langoni, wewe unaniambia habari za chumvi!"

Mchanga wa Cherthala, huku pwani ya kusini mwa India, ni mweupe, mzuri wa kutazama, na hauoteshi hata magugu ya maana. Divakaran, kaka yake Bhargavi, aliwahi kuagiza lori zima la udongo mweusi kutoka milimani ili apande mawaridi. Mawaridi yakafa yote kwa wiki moja, kama yaliyokula njama. Bhargavi yeye alikwenda kwenye karakana ya kamba za usumba, akanunua kwa bei ya kutupa ule unga wa makumbi unaorundikwa nyuma, mbwa wakiufanyia haja. Akauosha, akauchanganya na samadi, akaujaza kwenye makopo matupu ya rangi. Sasa alikuwa na makopo mia na arobaini: biringani, bamia, pilipili, na maua mekundu makubwa kama visahani.

Majirani walikula bamia zake huku wakimcheka. Divakaran hakucheka. Baba yao alipokuwa anakata roho alimwachia wasia mmoja tu: muoze mdogo wako. Na huyo mdogo wake, kila alipoletewa mchumba, alitoa sharti lile lile. Anayenichukua mimi, anachukua na makopo yangu. Karani wa posta aliaga kabla chai haijapoa. Mwenye duka la dawa alisema angechukua makopo kumi na manne. Akaambiwa basi apunguze na mke kwa kipimo hicho hicho, achague mguu anaoupenda.

Safari hii Divakaran alijipanga. Makopo yote aliyahamishia uani, akayafunika kwa turubai, akapanga viti sebuleni. Asichokijua ni kwamba Bhargavi alikuwa ameagiza makumbi mapya. Lori lilifika asubuhi hiyo hiyo, likazama mchangani palepale langoni, likaziba njia. Ikabidi wageni wazungukie uani.

Walikuwa watatu: mama mnene wa sari ya kijani, mzee mkavu mwenye fimbo, na kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele zimelala kwa mafuta, simu mkononi. Bhargavi alipowaona alijiziba mdomo haraka kwa ncha ya mtandio. Miguu hakuitoa kwenye karai.

Kijana alimtazama, akaitazama simu yake, akacheka puani. Mama akashika pua.

Mzee yeye alinyanyua pembe ya turubai kwa fimbo, akachungulia, akanyanyua zaidi. Kisha akalisogelea karai, akachovya kidole kwenye maji yale ya kahawia, akakitia mdomoni.

"Jamani!" yule mama alimaka. "Hata chai bado!"

Mzee alimung'unya kidogo. "Umeosha mara ngapi?"

"Tatu," Bhargavi alijibu nyuma ya mtandio.

"Bado. Haya yalilowekwa kwenye maji ya chumvi. Osha mara mbili tena, la sivyo bamia zako zitaungua majani."

"Bamia zangu hazijawahi kuungua."

"Basi zina bahati. Na bahati si samadi."

Hakuna aliyewahi kumkosoa Bhargavi kuhusu makumbi akawa na haki. Uso ulimchemka, na halikuwa jua.

Divakaran alitokea mbio, jasho likimtiririka. Alimwona dada yake alivyo, akawaona wageni, na akili yote ikamkimbia. "Huyo... huyo ni kibarua tu! Bibi harusi yuko ndani anavaa."

"Kibarua hodari," mzee alisema. "Mnamlipa vizuri?"

Jikoni Omana alimsugua wifi yake kwa kitambaa kama anayesugua sufuria. "Umetumaliza leo. Yule kijana mbavu hana kwa kucheka!"

"Acheke. Mzee je, amesemaje?"

"Aseme nini? Mgeni wa watu hata maji hajapewa, ameanza na ya makumbi!"

Ilipita robo saa. Divakaran aliingia, macho yamemlowa.

"Wamekubali."

"Na makopo?"

"Yote mia na arobaini. Wameuliza tu kama waje na lori moja au mawili." Akamshika mkono. "Limebaki neno lako. Tafadhali, mdogo wangu. Nimechoka, kila nikilala baba ananijia kuniuliza."

Bhargavi hakuwahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Alikuwa na sharti lake tayari kwa kila mchumba, na miaka yote lilimtosha kama ukuta. Hakuwahi kufikiria atafanya nini siku mtu akilikubali.

"Umesema lori ngapi?" aliuliza.

"Moja au mawili."

"Mawili. Kwa moja, matawi yatavunjika." Akapumua. "Mwambieni nakuja kumjibu mwenyewe."

Sebuleni kijana wa shati jeupe aliitia simu mfukoni, akamshika mchumba mkono, akamsaidia kuinuka, akamkabidhi fimbo yake. "Tabasamu basi, babu," alimnong'oneza. "Anakuja."

Jikoni Bhargavi alinawa mpaka viwikoni, akayatoa meno yake kwenye glasi ya dirishani, akayavaa, akatoka.