Gurudumu la Nyuma

Bi Sikudhani alitaka kitu kimoja tu: stendi ya kufungia baiskeli ya mumewe, ili mzee apige pedeli sebuleni asipotee tena. Mara ya mwisho aliokotwa mji wa jirani, akiulizia njia ya kwenda kwa mama yake, aliyefariki miaka mingi iliyopita.

"Hii ndiyo nzuri, mama, haina kelele," alisema muuzaji. "Ila lazima ung'oe gurudumu la nyuma."

"Thubutu! Atawaamsha majirani wote kwamba kaibiwa."

Muuzaji akacheka. "Basi chukua hii. Gurudumu linabaki, linazungukia juu ya rola."

Wakaifunga palepale dukani baiskeli waliyokuja nayo. Mumewe, Mzee Shekue, akapanda, akapiga pedeli, uso ukamchangamka. Bi Sikudhani akashusha pumzi.

Kisha mzee akautazama ukuta. "Mama Mwajabu, mbona hatufiki?"

"Tutafika, Baba Mwajabu."

"Ukuta ni uleule! Nani kanifunga?" Akakanyaga kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka. "Nifungueni! Mama yangu ananingoja!"

Muuzaji akainama kufungua. Bi Sikudhani akamshika mkono. Mzee akifunguliwa, ataondoka. Na yeye hana tena miguu ya kumkimbilia.

Akakusanya khanga yake, akakaa kiubavu kwenye keria, akamshika mumewe kiunoni.

"Haya, twende," alisema.

Mzee akapiga kengele, na wateja waliosimama mbele yao wakasogea pembeni, wakawapisha njia.