Kaza, Kisha Achia

Daktari Raziki alikuwa akitafiti ugonjwa wa misuli unaorithiwa, na kipimo chake cha kwanza hakikuhitaji mashine. Alimpa mtu mkono, akamwambia akaze, kisha aachie. Mwenye ugonjwa vidole humgomea, vikakawia kufunguka.

Asubuhi hiyo mbele yake aliketi Mwanahamisi, binti ambaye baba yake aliuugua hadi kufa.

"Usiogope, mwanangu. Kaza."

Akakaza.

"Kaza hasa. Haya, niachie."

Raziki akainua macho kwenye saa ya ukutani, akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Mikono yao ilikuwa bado imeshikana juu ya meza. Tatu. Basi, ameurithi. Moyo ukamwuma, akaanza kutafuta maneno, yale yale aliyokwisha kuwaambia wengi. Nne.

"Daktari," binti akanong'ona, "mimi nimeachia zamani."

Raziki akashusha macho. Vidole vya binti vilikuwa vimenyooka kabisa. Vilivyong'ang'ania vilikuwa vyake mwenyewe.

Akaviamuru vifunguke. Havikumsikia.

Mji mzima ulimsifu kwa mkono huo. Walisema Raziki akikusalimu hakuachii upesi, mpaka akuulize hali za watu wote wa nyumbani. Ana adabu, kama marehemu mama yake.

Kidole gumba kikalegea. Vinne bado.

Mwanahamisi hakuuvuta mkono wake. Alitulia, akamtazama daktari usoni, akangoja.