Ukame wa Ngiri na Ukame wa Nyati

Mwaka ule mvua ziligoma, na bwawa likabaki tope. Ngiri, aliyekuwa bado kijana, hakulala wala hakutulia. Kila asubuhi alikimbilia kilimani kutafuta wingu, kisha akarudi akilia kwamba wote watakufa. Nyati kikongwe alijilaza kando ya tope, akicheua taratibu.

"Bibi Nyati, wewe hujali kitu!" Ngiri akafoka. "Umeshakata tamaa. Mimi naenda kututafutia maji."

Akageuka kwa hasira, lakini miguu iliyochoshwa na mbio za kilimani ikamwishia nguvu. Akaanguka juani, asiweze kuinuka.

Nyati akajikokota, akasimama karibu yake ili kivuli kimfunike.

"Kwani wewe huogopi, bibi?" Ngiri akauliza.

"Naogopa, mjukuu wangu. Kiu yangu ni kama yako. Ila mimi naogopa siku ya leo tu. Wewe unauogopa ukame huu pamoja na miaka yako yote iliyo mbele. Mimi miaka hiyo sina, ndiyo maana napata usingizi."

Ngiri alikuwa amemdharau kwa utulivu wake. Sasa akamwonea huruma.

"Basi nisaidie kuogopa leo tu, kama wewe," akasema.

"Hilo siliwezi. Kusimama hapa naweza. Lala."

Ngiri akalala usingizi mzito, wa kwanza tangu kiangazi kianze. Mvua haikunyesha siku ile. Jua liliposogea, Nyati naye alisogea, kivuli kisimwache, hadi kijana alipoamka na kumwambia, "Sasa pumzika wewe, bibi."