Hodi ya Bomba

Kila vinyunyizio vya bustani vilipojifunga, bomba liligonga ukutani: ngo, ngo, ngo! Mzee Mbaruku hakuwa na raha tena.

Fundi Sihaba alipiga magoti kwenye nyasi. Ugonjwa aliujua: valvu ilikata maji kwa ghafla mno. Angelegeza skrubu yake kidogo tu, kelele zingekoma. Lakini na geti lile alilijua. Hapo ndipo marehemu mama yake alipobisha hodi siku tatu, akidai kiwanja chake hiki hiki, asifunguliwe.

"Vipi, fundi?"

"Bomba ni zima, mzee. Kuna mtu anabisha hodi."

"Nani?"

"Unamjua wewe."

Akaikaza skrubu badala ya kuilegeza, akabeba mkoba wake.

Alipofika getini, bomba likagonga kwa nguvu zaidi. Nyuma yake mzee akaitika, akiugeukia ukuta: "Karibu, mama."