Hodi ya Tatu

Sheria ilitaka kila ruta ya intaneti iachiwe mlango mmoja wazi, wenye mamlaka wa Mji waingie na kutoka wapendavyo. Bi Mwanashuru aliufunga. Kompyuta za ofisi yake, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, zilitunza siri za wanawake waliopigwa na waume zao, na baadhi ya waume hao walikuwa wakubwa wa Mji.

Alasiri akaja mkaguzi, Shekue, mtoto wa jirani aliyekulia kwenye uji wake.

"Hodi!"

Bi Mwanashuru akaendelea kukuna nazi.

"Hodi, mama! Fungua ruta tu, yaishe."

"Karibu siitoi! Wewe uliyefundwa adabu umesimama nje. Mbona mitambo yenu inataka kuniingilia hadi chumbani bila hodi?"

Shekue akabisha ya tatu, kwa sauti ndogo. Asipokaribishwa hapo, mtu huondoka zake. Akageuka.

Ndipo kitasa cha mlango, ambacho nacho kiliunganishwa na ruta, kikalia tiki. Kumbe Mji ulikuwa na mlango mwingine wa siri ndani ya ruta. Spika ya ukutani ikasema, kwa sauti ileile ya Bi Mwanashuru, "Karibu, mwanangu."

Mlango ukafunguka. Bi Mwanashuru akaruka, akaing'oa ruta na nyaya zake, akausukuma mlango kwa bega na kuuegemezea kinu.

"Yule si mimi!" akafoka. "Anza upya!"

Kisha Shekue akakohoa huko nje.

"Hodi," akasema.

Bi Mwanashuru akaketi tena kwenye mbuzi, akakuna nazi.