Sauti ya Kuuzia Mabeseni

Kipaza sauti kilichofungwa juu ya meza ya Semeni kilikuwa kikiita wateja tangu asubuhi. Sauti ilikuwa ya binti yake, Hidaya, aliyejirekodi kwa simu bila kusita hata kidogo: "Mama usipite! Beseni hili halipasuki, hata ukimwogeshea mtoto mtundu kama wako!" Watu walicheka, wakasimama, wakanunua.

"Shoga, huyu mtangazaji umemtoa redio gani?" aliuliza mteja mmoja huku akigongagonga beseni.

Hidaya alikuwa pale pale, begi begani, akingoja kuaga. Alitaka kusomea utangazaji. Semeni alikataa katakata: watangazaji wamejaa mtaani hawana kazi, maneno hayalipi kodi ya nyumba. Leo binti alikuwa anaenda chuo cha uhasibu.

Semeni aliona haya kusema ni huyu hapa. "Nimeinunua tu hiyo sauti," akajibu.

Hidaya alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni. "Haya, mama. Mimi naenda."

"Nenda salama, mwanangu. Usome."

Alipofika mbali, Semeni alimwita. Sauti yake ilimezwa na ile ya kipaza sauti. Akanyoosha mkono akizime. Mbele yake wateja watatu walikuwa wamesimama wakisikiliza, na kule mwisho wa njia Hidaya naye alikuwa amesimama, ameligeuzia soko mgongo, kichwa kimeinama upande mmoja, akijisikiliza.