Mikaratusi ya Gaudiosus

Kitu cha kwanza ambacho Polikarpi alikidharau ni viatu. Ofisa wa mamlaka ya usafiri wa anga alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa viatu vya ngozi vinavyong'aa, katika kiwanja cha ndege cha nyasi pale Bugomora, siku ambayo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Evelyn. Nimekuja kukagua kiwanja."

"Marahaba," alijibu Polikarpi. Hakuinuka kwenye gogo alilokalia, wala hakumpokea begi.

Alikuwa amefyeka kiwanja hicho kwa miaka kumi na tisa. Ndege ndogo ya madaktari ilikuwa ikitua hapo kila mwezi, inaleta dawa na kuondoka na wagonjwa walioshindikana. Kisha mikaratusi ya Gaudiosus, iliyopandwa mwisho wa kiwanja, ikarefuka, hadi siku moja ndege ikatua na matawi yamenasa kwenye magurudumu. Kiwanja kikafungwa mpaka miti ikatwe.

Miti haikukatwa. Mwezi wa nne baada ya hapo, Gloriose, mke wa Polikarpi, akaanza kutokwa na damu. Wakampakia kwenye gari kuelekea hospitali ya Nyakahanga. Alikata roho njiani, gari likiwa limekwama kwenye tope.

Gaudiosus alikuwa mfanyabiashara wa Muleba. Alikuwa akija Bugomora kwa wiki mbili tatu, anauza nguzo hadi Uganda, ng'ambo ya Murongo, kisha anarudi kwao. Kamati ya kijiji ilimwendea mara mbili kumwomba aishushe ile miti. Mara zote mbili ilirudi imeshiba, inasema mzee naye ana hoja zake.

Kwa hiyo Polikarpi alijua mkaguzi ni mtu wa namna gani. Ni mtu anayekuja na kalamu na kuondoka na mkungu wa ndizi.

Evelyn alikizunguka kiwanja chote akisukuma gurudumu la kupimia. Viatu vilipozama matopeni alivivua, akaendelea pekupeku. Polikarpi alimfuata kwa nyuma akimsema kwa Kinyambo, maneno ambayo mtu humwambia ng'ombe aliyeingia shambani. Evelyn akageuka, akamtazama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake.

Walipofika kwenye mikaratusi, alielekeza kipimo kwenye vilele na kusoma namba mara mbili.

"Ndege ikishuka inahitaji anga tupu mbele yake," alisema. "Hii imezidi kwa mita kumi na moja. Safu zote nne zishuke."

"Utaandika hivyo?"

"Nitaandika."

"Kuandika hata wajukuu zangu wanajua. Mwenyewe umeshamwona?"

"Naenda kwake sasa hivi."

"Nenda, mama. Leo huko kuna kuku."

Evelyn alifunga begi lake, akashika njia ya migombani. Polikarpi alimwacha atangulie, kisha akamfuata. Alitaka kuona kwa macho yake. Alisimama nyuma ya ua wa michongoma, mahali ambapo baraza ya Gaudiosus ilionekana yote.

Gaudiosus alitoka mlangoni. Na ofisa wa serikali, kitambulisho kikining'inia shingoni, akapiga magoti yote mawili kwenye saruji, akainamisha kichwa na kumsalimia kwa sauti ya chini. Gaudiosus akamshika mkono, akamwinua.

Polikarpi alitema mate.

Hakuondoka. Aliona kuku akiletwa, na matoke yanayofuka moshi. Aliona ile karatasi ya ukaguzi ikiwekwa mezani, Gaudiosus akiisoma, kisha akiisukuma pembeni ya sahani. Walicheka. Baadaye wakazungumza taratibu kwa muda mrefu, na Gaudiosus akatoa leso akajifuta uso. Shibe, aliwaza Polikarpi. Shibe humtoa mtu jasho.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kilabu cha rubisi, akawakuta wenzake.

"Kamati yetu angalau ilikula imekaa kwenye viti," aliwaambia. "Huyu kapiga magoti kwanza!"

Watu walicheka mpaka vibuyu vikamwagika. Mmoja akauliza kama hayo magoti nayo yamo kwenye sheria za anga. Polikarpi hakucheka. Alisema hatafyeka tena hata unyasi mmoja, na kama ng'ombe wanataka kulala kwenye kiwanja, walale.

Kesho yake asubuhi, akiwa anakunywa chai, alisikia ngurumo upande wa kiwanja. Alidhani ni pikipiki. Kisha ardhi ikatikisika chini ya miguu yake, akaacha kikombe na kukimbia.

Misumeno miwili ya injini ilikuwa kazini. Safu ya kwanza ya mikaratusi ilikuwa imelala chini yote, na mahali ilipokuwa palionekana mbingu. Evelyn alikuwa amesimama hapo na karatasi yake, anahesabu miti iliyobaki. Kando yake alisimama Gaudiosus, kofia ameishika kifuani.

Polikarpi alikuwa amesubiri muda mrefu kumsikia mtu huyu akibembeleza. Alisogea karibu, bila haya, kama mtu anayesogelea ngoma.

Mti mwingine ukaanguka. Gaudiosus hakupiga kelele. Alingoja mpaka majani yakatulia.

"Miti hii ndiyo iliyokusomesha, mwanangu."

"Najua, baba," alisema Evelyn, na akamwonyesha mwenye msumeno mti unaofuata.